Goti Langu na Mgeni wa Chumba cha Picha

Mara ya kwanza kulisikia neno gegedu likitoka kinywani mwa mume wangu, nilikuwa nasonga ugali. Alikuwa amerudi kutoka Njombe, kama afanyavyo kila Ijumaa, na kabla hata hajavua koti akasimama mlangoni pa jiko akaanza kunieleza kwamba ncha za mifupa kwenye viungo zimefunikwa na kitu cheupe, laini, chenye kuteleza, na kwamba kitu hicho hakionekani kwenye eksirei. Alieleza kwa furaha, kama mtu aliyeokota kito barabarani. Mimi nikaendelea kusonga. Nilikuwa nimeishi na goti bovu karibu ndoa yetu yote, na sikuwahi kumwona akisisimkwa na goti la mtu yeyote.

Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako. Nashona sare za shule, magauni ya kwaya na mashuka ya nyumba za wageni zilizo kando ya barabara kuu. Mume wangu anapiga picha za eksirei katika hospitali moja ya Njombe. Siku za kazi hulala huko kwenye chumba cha kupanga, mwisho wa juma hurudi nyumbani. Tulizoea hivyo tangu watoto wakiwa wadogo, na sikuwahi kuuliza Jumatano anakula na nani.

Goti niliumia zamani, tulipokwenda kuwasaidia wazazi wangu kuvuna viazi upande wa Uwemba. Nilikuwa nashuka mteremko, udongo umelowa, ndoo kichwani. Mguu ukateleza na goti likatua juu ya jiwe. Lilivimba, likanywea, nikadhani yamekwisha. Halafu likaanza kuniuma nikishuka ngazi, nikichuchumaa, na zaidi ya yote nikikanyaga cherehani. Mume wangu alilipiga picha yeye mwenyewe. Akaiinua kwenye mwanga, akaikagua kila upande, akaniambia mfupa hauna neno. Baadaye nililalamika tena, akalipiga tena, jibu likawa lile lile. Nilipolalamika mara nyingine hakulipiga. Alisema labda nipunguze uzito.

Tangu hapo niliacha kusema. Lakini mtu akiacha kusema, wengine husema kwa niaba yake. Kanisani kwetu, wakati wa Chakula cha Bwana, watu hupiga magoti mbele ya altare, na mimi nilikuwa nabaki nimesimama. Mama mmoja wa kwaya alimwuliza mama mkwe wangu kama mkwewe ana kiburi au ana dhambi. Mama mkwe, ambaye amelima maisha yake yote na magoti yake ni mazima kama ya mbuzi, alimjibu kwamba mwanawe ni mtu wa picha, na picha ilisema sina kitu. Aliponisimulia hayo alidhani ananitetea.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa mgeni alipofika.

Mgeni alikuwa mwanamke aliyezaliwa Iwawa, kule Makete kwenye baridi na viazi, akasoma mpaka akapelekwa ng'ambo, na sasa alikuwa amerudi kwa miezi kadhaa na utafiti wake. Huko alikosoma walikuwa wametengeneza chembe ndogo mno za madini, ndogo kiasi kwamba ukiziweka karibu na unywele, unywele ni gogo. Chembe hizo zinachanganywa kwenye maji, zinadungwa ndani ya kiungo, zinaingia kwenye gegedu, na gegedu linaanza kuonekana kwenye picha. Yeye alitaka kujua kama zinaweza kufanya kazi kwenye mashine za kawaida kama zetu, siyo zile za bei ya ndege tu. Aliomba hospitali ikubali chumba cha picha kitumike Jumamosi, wakati wagonjwa ni wachache, na mtu wa kumwendeshea mashine akawa mume wangu.

Jumamosi! Siku ambayo alikuwa wangu.

Akaanza kuja nyumbani Jumamosi jioni badala ya Ijumaa. Akija anakuja na maneno. Aliniambia gegedu lina chaji hasi, na kwamba dawa ya kawaida ya kung'arisha picha nayo ina chaji hiyo hiyo, ndiyo maana vinasukumana kama sumaku mbili zilizoelekezwa vibaya. Lakini chembe za mgeni zina chaji chanya. "Zinavutwa," alisema, akikutanisha vidole vyake juu ya meza. "Zenyewe tu zinavutwa ndani." Na mahali ambapo gegedu limelika, mvuto unapungua, chembe zinaingia chache, picha inafifia hapo, na wewe unajua hapa pana ugonjwa. Niliangalia vile vidole vilivyokutana. Nilikuwa nimeshika kijiko na nikasahau nilikuwa nakula nini.

Nilianza kuhesabu maneno yake, mengine sikuyapenda. Zamani alikuwa akisema nimepiga picha. Sasa alisema tumepiga, tumeona, tumeamua tusubiri kidogo dawa iingie. Alianza kunyoa ndevu katikati ya juma. Nilijua kwa sababu nyembe ninazomfungashia ziliisha mapema. Simu ikilia alikuwa anaitazama kwanza ndipo ananitazama mimi. Nilimwuliza kama mgeni ameolewa. Akasema hajui, hajamwuliza. Ningemwamini zaidi kama angejua.

Kisha likaja la koti. Jumapili moja baada ya ibada aliniambia mgeni hana koti jeupe la kazi, alilokuja nalo limeharibika kwa dawa, na kwamba yeye amemwahidi kwamba mke wake ni fundi, atamshonea. Nikamwuliza vipimo viko wapi. Hakuwa na karatasi. Alisimama katikati ya chumba, akaweka kiganja chini kidogo ya bega lake akasema anafika hapa. Akatanua mikono akanionyesha upana wa mabega. Akanionyesha urefu wa mkono, akafikiri, akapunguza kidogo. Nimeshonea watu tangu nikiwa msichana, na najua mwanamume akitumwa kumpimia mkewe nguo kwa kumbukumbu anakosea kila mahali. Wangu mwenyewe aliwahi kuninunulia gauni la sikukuu lililokuwa linanipwaya kama hema. Huyu hakukosea.

Nilishona lile koti kwa hasira na kwa ustadi. Nilitaka kila mshono uwe umenyooka, kola ikae, vifungo visilegee, ili siku akilivaa ajue kwamba mwanamume anayemwendeshea mashine ana mtu nyumbani, na mtu huyo anajua kazi. Nilikanyaga cherehani mpaka goti likawaka moto. Nikafunga kitambaa nikaendelea.

Wiki hiyo hiyo mume wangu alipiga simu akasema magoti ya ng'ombe yamewaishia. Walikuwa wanafanyia majaribio yao kwenye magoti ya ng'ombe, maana gegedu lake ni nene na halihitaji ruhusa ya mtu. Machinjio ya Njombe yalikuwa yamewaangusha siku hiyo. Jirani yangu hapa Makambako ana bucha, Mwislamu aliyehamia kutoka Kondoa, mtu mwema, na mume wangu aliomba nimwambie atutengee magoti mazima, yasipasuliwe, kisha nimpe kondakta wa kosta ayafikishe. Nilikubali. Lakini kondakta sikumpa. Jumamosi asubuhi nilifunga ndoo vizuri, nikalikunja koti ndani ya mfuko, nikapanda mwenyewe.

Njombe ilikuwa na ukungu na baridi ile inayoingia kwenye viungo. Kutoka stendi mpaka hospitali nilipumzika njiani mara kwa mara, ndoo mkono huu, kisha mkono ule. Nilijua njia ya chumba cha picha. Sikubisha hodi.

Walikuwa wameinama mbele ya kioo cha kompyuta, bega kwa bega, wala hawakusikia mlango. Hawakuwa wakifanya lolote la aibu. Ningependa kusema niliwakuta wameshikana, ingekuwa rahisi kulisimulia. Walikuwa wakitazama kivuli cha kijivu, na mume wangu alikuwa anauliza swali, na yule mwanamke alikuwa anamjibu, na uso wa mume wangu ulikuwa uso nilioolewa nao, ambao nilidhani umezeeka ukaondoka.

Mgeni akageuka kwanza. Alikuwa mdogo kwangu, mwembamba, amevaa sweta la kijani. "Shikamoo dada," akasema, akaja kunipokea ndoo. Ile shikamoo ilikuwa ya adabu tupu, lakini ilinizeesha. Nikaitikia marahaba, nikamkabidhi koti. Alilivaa pale pale, akainua mikono, akaishusha, akajitazama. Lilimkaa kama ngozi. Alinishukuru mpaka akanikumbatia, na juu ya bega lake nilimwona mume wangu anatabasamu, na sikujua anatabasamu kwa ajili ya mshono wangu au kwa ajili ya yule aliyeuvaa.

Wakaniomba nikae nione. Nikakaa, kwa sababu ndicho nilichojia.

Walitoa goti moja kwenye ndoo, wakalipiga picha kwanza likiwa vile vile. Ikaja picha kama zangu zote: mfupa juu, mfupa chini, na katikati pengo jeusi. Kisha mgeni akachukua sindano, akadunga maji ya chembe zake ndani ya kiungo, akalikunja na kulikunjua goti taratibu kwa mikono yake ili maji yaenee, na tukasubiri. Katika kusubiri waliongea. Yeye alimweleza mume wangu kitu kuhusu muda wa chembe kupenya, mume wangu akapendekeza kupunguza nguvu ya mionzi, mgeni akasema hilo hakulifikiria, ni wazo zuri. Nilimwona mume wangu anapokea sifa ile. Aliipokea kama maji ya moto kwenye baridi.

Wakapiga tena. Safari hii, juu ya kila mfupa, palipokuwa na weusi mtupu palikuwa na utepe mweupe, mwembamba, uliofuata mviringo wa mfupa kama pindo lifuatavyo sketi. Sikutaka kupendezwa, lakini nilipendezwa. Utepe ulikwenda vizuri, ukafika mahali ukafifia, ukakatika, kisha ukaendelea.

Mgeni aliweka kidole pale palipofifia. Alisema gegedu hapo limelika, na kwamba ng'ombe huyu yumkini alikuwa anachechemea.

Mume wangu akakisogelea kioo. "Masikini," akasema polepole. "Aliumia huyu. Na hakuna aliyejua."

Sijui ni nini hasa kilichonipata. Nilikuwa nimejiandaa kumwonea wivu mwanamke. Sikuwa nimejiandaa kumwonea wivu ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa. Nikasimama, goti likalia kama lilivyozoea, nikasema, "Ng'ombe ameaminiwa. Mimi niliambiwa nipunguze uzito."

Mume wangu alisema jina la nyumbani analoniita, akaishia hapo. Mgeni alitutazama wote wawili. Kisha akavua glavu, akanawa mikono, akavuta kiti mpaka mbele yangu, akaniomba nikae tena na nimwonyeshe.

Alinihoji jinsi ambavyo hakuna mtu aliyewahi kunihoji. Linauma zaidi nikipanda au nikishuka? Nikikaa muda mrefu linakaza? Nasikia kitu kinasagika? Alipojua kazi yangu aliuliza mguu upi unakanyaga cherehani. Akaweka kiganja juu ya goti langu, akaniomba nilinyooshe, na tukasikia wote, mchakacho kama wa mchanga chini ya sahani.

"Dada," akasema, "zile picha hazikukudanganya, ila hazikuwa na macho ya kuona hiki. Mfupa kuwa mzima si goti kuwa zima."

Nililia. Nililia kwa uchungu, maana maneno yale niliyangoja miaka mingi yatoke kwenye kinywa kingine, na kinywa hicho kilikuwa hatua chache tu kutoka pale kimefungwa. Mgeni alikuwa amenichukulia Jumamosi zangu, na sasa alinichukulia hata hilo. Na mkono wake ulikuwa na joto, na sikutaka auondoe.

Nilimwomba anidunge na mimi dawa yake. Alikataa mara moja. Alisema chembe zile hazijathibitishwa kwa mtu aliye hai, haijulikani zikimaliza kazi zinakwenda wapi mwilini na zinakaa muda gani, na kwamba kazi kubwa iliyobaki ni hiyo. Akaniambia ipo mashine ya sumaku, ile wanayoiita MRI, inayoweza kuliona gegedu bila dawa yake, na tukiweza kwenda mjini penye hospitali kubwa tuifuate. Alimwambia mume wangu, siyo mimi, "Mpeleke." Mume wangu akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Tulirudi Makambako pamoja mchana ule. Nyumbani alichemsha maji ya chai mwenyewe. Alipoketi akasema alikuwa ameniambia kile alichokiona kwenye picha.

"Uliiamini picha," nikamwambia. "Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake."

Nikaona afadhali nitoe na la pili kuliko kulilea. Nikamwuliza kama anampenda yule mwanamke.

Alijimiminia chai. Kisha akasema hajamgusa wala hajamtamkia neno. Nikamwambia sikuuliza hilo. Akazungusha kikombe. "Napenda anavyoniuliza," akasema. "Kule wananiletea mifupa, napiga, wanaondoka nayo. Tangu nianze kazi hakuna mtu aliyeniuliza naonaje. Nikiwa naye najisikia mtu anayejua kitu."

Lilikuwa jibu la kweli na lilinichoma kuliko uongo. Maana na mimi nilikuwa miongoni mwa wale ambao hawakuwahi kumwuliza. Lakini siku ile sikumwambia hivyo. Siku ile nilikuwa na haki ya kukasirika na nilitaka kuitumia yote.

Tulikwenda Mbeya mwezi uliofuata. Nililazwa ndani ya lile bomba linalogonga kama mafundi wa mabati, naye akasubiri nje. Daktari wa pale alipotuonyesha picha, hata mimi niliona: nyuma ya kifuniko cha goti, gegedu lilikuwa limechimbika, shimo lenye kingo zilizochanika, la zamani. Daktari alisema halitarudi kama lilivyokuwa. Kuna mazoezi ya kuimarisha paja, kuna mambo ya kuacha, na kukanyaga cherehani ni la kwanza.

Mume wangu aliomba kuitazama picha tena. Aliinama akaitazama kwa macho yale yale niliyoyaona Njombe, akamwuliza daktari hili na lile, akafuata ukingo wa shimo kwa kidole bila kugusa kioo. Nilikuwa nimeketi pembeni yake, nikalionea wivu goti langu mwenyewe. Lilikuwa limepata kile ambacho mimi mzima nilikuwa sijakipata. Nikamgusa mkono nikamwambia, "Niko huku." Akageuka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, akaniomba msamaha mbele ya daktari, na daktari akajifanya anatafuta kalamu.

Kwenye cherehani yangu sasa kuna mota. Aliifunga yeye mwenyewe, vibaya, fundi wa mtaani akaja kuirekebisha. Goti bado linauma baridi ikizidi, lakini siku nyingi nalisahau. Mama mkwe ameambiwa, na yeye amewaambia wengine kuliko nilivyohitaji.

Mgeni alimaliza kazi yake akaondoka. Basi lake lilisimama Makambako abiria wapate chakula, na alinipigia niende tuagane. Nilikwenda. Alikuwa amevaa lile sweta la kijani, akanishika mikono yote miwili, akauliza habari za goti kabla ya habari za mume. Nilimpa mahindi ya kuchemsha ya njiani. Nilimpenda na nilifurahi kuliona basi likiondoka, na sioni kwa nini nichague moja.

Bado wanaandikiana. Ujumbe ukija mume wangu hunisomea, nami husikiliza sauti yake inapopanda, na ndani yangu kitu hujikunja bado. Wiki iliyopita mgeni aliandika kwamba sasa wanajaribu chembe zile kwa kondoo walio hai, kufuatilia zinavyotoka mwilini, na kwamba kwa binadamu safari ingali ndefu. Mume wangu alimaliza kusoma, akarudia sehemu moja chinichini, peke yake, akitabasamu. Nikasimamisha mota, nikavuta kiti changu mpaka pale alipo.

"Zinatokea wapi," nikamwuliza, "kwenye mkojo, au ini linazishika?"

Alinitazama kwa mshangao kidogo, akaweka simu chini, akaanza kunieleza.